Ami, Isikilize Injini Hii

Kwa Ami na wote mlioko Majengo,

Mimi sijambo. Lenye jambo ni gari. Kila mmoja wenu ameshanitumia ushauri kwa WhatsApp na shauri moja halipatani na jingine. Bi Mkubwa asema liuzwe, Ami asema lifunguliwe, na vijana wa barazani wanataka nilipakie meli nililete Mombasa. Nawajibu nyote kwa pamoja, maana bando linakwisha.

Vijana, gari ni la mwaka 2007. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, na hayo mwayajua kunishinda, nyinyi mnaoshinda kutwa mkihesabu magari yanayotoka Kilindini. Usukani uko kulia, hapo tumepasi. Pa umri tumefeli. Tuliache hilo.

Sasa ugonjwa wenyewe. Asubuhi, injini ikiwa baridi, nikiwasha tu linalia kama sarafu ndani ya kopo. Likipata joto linanyamaza, linajifanya halikusema kitu. Ami aliposikia rekodi alikata shauri hapo hapo: cheni ya taimingi imelegea. Ila hakutosheka. Akaniamuru nichukue bisibisi ndefu, ncha niiguse kwenye injini, mpini niutie sikioni, nihame upande hadi upande.

Ami, Majengo jambo hilo halimgeuzi mtu shingo. Hapa kwetu Barking, mashariki mwa London, alfajiri, ni mtu mzima aliyefunga kikoi juu ya suruali ya baridi, ameinama chini ya boneti, bisibisi imemtoka sikioni. Pazia la jirani likafunguka, likafungwa, likafunguka tena. Mwishowe bibi mwenyewe akatoka na kandambili zake, akaniuliza kwa upole kama kuna mtu ningependa ampigie simu kwa niaba yangu. Nikamwambia nasikiliza cheni.

"Inasemaje?" akauliza.

Inasema hivi: upande wa giaboksi kumetulia, upande wa mkanda ndiko kunakogonga. Umepatia, Ami. Kifaa kinachoikaza ile cheni chasukumwa na presha ya oili, na usiku oili hushuka yote chini. Basi ukiwasha, cheni inajipigapiga mpaka presha ipande. Nilimwaga oili ya zamani, nyeusi tii, nikatia mpya. Kelele ikafupika, haikwisha. Na cheni ikija kuruka meno, vali na pistoni zitakutana, na zikikutana hakuna msuluhishi.

Nikaenda gereji. Fundi alikubaliana nawe neno kwa neno, tofauti ni kwamba yeye alitoza. Cheni na vikorokoro vyake, pauni mia moja na ushei. Kuifunga na ujira wake, jumla pauni mia tisa. Gari lenyewe, likiwa zima, halipati mia nane. Nikamwuliza kama hana kijana mwanagenzi wa kuifanya kwa bei nafuu. Akasema hiyo ndiyo bei ya kijana.

Ndivyo magari yanavyokufa huku, Ami: yanauawa na saa ya fundi. Ile Peugeot 504 ya marehemu Babu ina injini ya pili, milango ya gari jingine na boneti ya rangi ya tatu, na mwezi jana nimeona picha, imebeba bibi harusi. Ingekuwa hapa, ingezikwa nikiwa bado nasoma chuoni.

Tena cha kuchekesha, mbele ya serikali gari langu ni zima. Ukaguzi wa kila mwaka, MOT, ambao ada yake haizidi pauni 54.85, unatazama breki, taa, tairi, moshi. Kelele inayowashughulisha ni ya ekzosi. Cheni na ipige ngoma itakavyo. Na tangu Agosti 2023 London nzima ni eneo la ULEZ: gari lenye moshi mchafu hulipa pauni 12.50 kila siku liendeshwapo, isipokuwa Krismasi. Langu, petroli ya 2007, linahesabika safi. Jirani wa ng'ambo ya barabara ana dizeli ya 2013, linang'aa, halitoi hata mguno, na yeye ndiye anayelipa. Kila asubuhi nikiwasha, krakra-krakra bila senti moja, huniangalia kwa donge.

Watu wa skrepa walisema pauni 180. Wanakuja na lori la kuvuta, wanakupa cheti kwamba gari limeangamizwa kisheria, na pesa zinaingia benki. Mkononi huzipati: sheria ya 2013 yakataza kulipia chuma chakavu taslimu, kwa ajili ya wezi wa nyaya za shaba. Bi Mkubwa, wezi wa shaba wako kila mahali.

Lile shauri lako la oili nzito ya lori, Ami, kelele ikizama nimuuzie mtu siku hiyo hiyo, nimeliweka kando. Kwa baridi hii oili nzito haipandi, inazidisha kelele. Halafu hapa mnunuzi ukimdanganya anakwenda kortini, na huko hawatajali kwamba mwenzake wa Kongowea aliuziwa giaboksi lililotiwa unga wa mbao akashukuru.

Basi nikaandika tangazo wazi: cheni inagonga. Akaja fundi Mkongo, mtu wa Bukavu, akawasha, akasikiliza akiwa amefumba macho. "Motere iko muzima," akasema. "Shene tu ndiyo imechoka." Saa zake hamlipi mtu, kwa hiyo kwake gari hili ni faida. Tumepatana pauni 350 na leo kaondoka nalo, krakra mpaka kona ya mwisho. Nimeshawaarifu DVLA, wanaosajili magari huku, kwamba lina mwenyewe mwingine, na kodi ya barabara ya miezi iliyobaki watanirudishia.

Bibi jirani ameuliza cheni imekwenda wapi.

Jambo la mwisho, Ami. Yule Mkongo amevutiwa sana na habari ya bisibisi, akaomba namba yako, nikampa. Akikupigia, zungumzeni cheni. Ya Kongowea usiyaguse.