Mwangaza wa Panya

Hongera, jirani wa mtaa wa Skuta, kwa lile bati la mwangaza. La polikabonati uliliona ghali, ukachukua faiba nyembamba isiyo na kinga ya jua. Na jua la Nyeri, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, halina huruma: bati limeshageuka rangi ya chai iliyolala.

Fundi wako naye aligongomea misumari moja kwa moja, bila mpira, bila kutoboa tundu pana kidogo kuliko msumari. Plastiki hutanuka mchana na kunywea usiku; ikibanwa, hupasuka. Ndiyo maana sebuleni kuna beseni.

Hayo tungekusamehe. Lakini dari! Ulipomaliza kuweka bati, ukapigilia dari chini yake, nzima, bila hata kijidirisha. Panya wa Skuta hawajawahi kuonana vizuri hivi. Wewe unawasha taa saa sita mchana, hasa Julai, wingu linapoukalia mji na Mlima Kenya kupotea.

Ukibadilisha bati hilo, tafadhali anza kwa kukata dari. Na fundi akanyage ubao, asikanyage plastiki: haibebi mtu, hata fundi wa bei nafuu.