Kosa la Jumamosi, Adhabu ya Jumapili

Mfyuuu! Acheni nisonye kwanza ndipo tuzungumze. Hili la Lexi Thompson kila likitajwa hapa kijiweni damu inanichemka, na jana mmoja wenu kathubutu kusema yule binti alistahili yote yaliyompata. Yote? Hapana, bwana. Hebu sogezeni benchi, muuza kahawa atujazie vikombe, tulipange jambo hili tangu mwanzo.

Ilikuwa Aprili 2017, mashindano ya ANA Inspiration, moja ya yale makubwa matano ya gofu ya wanawake. Uwanja ni Mission Hills, Rancho Mirage, jimbo la California huko Marekani. Lexi alikuwa na miaka 22 na taji hilohilo alikwisha kulibeba mwaka 2014. Jumamosi, raundi ya tatu, amefika shimo la 17. Mpira umebaki karibu kabisa na shimo, hata hatua moja haifiki. Akaweka alama, akauokota, akaurudisha, akautumbukiza. Kazi imekwisha. Akacheza shimo la mwisho, akatia saini kadi yake ya matokeo, akaenda kulala akiwa anaongoza.

Kumbe aliporudisha mpira, hakuuweka palepale alipoutoa. Tofauti yenyewe ni kama inchi moja hivi. Mwamuzi hakuona. Aliyecheza naye hakuona. Wasimamizi wa mashindano hawakuona. Aliyeona ni mtazamaji mmoja wa televisheni, na huyo akawaandikia wasimamizi barua pepe. Lini? Jumapili, Lexi akiwa uwanjani anacheza raundi ya nne!

Wakarudisha picha nyuma, wakazitazama, wakakubaliana. Lexi anatoka shimo la 12 kwenda la 13, anaongoza kwa mikwaju miwili, ndipo afisa wa sheria anamfuata: umeadhibiwa mikwaju minne. Miwili kwa kuweka mpira mahali pasipo pake jana. Miwili mingine kwa kutia saini kadi yenye hesabu isiyo sahihi. Binti akauliza kama huo ni mzaha. Aliyekuwa mbele kwa miwili sasa yuko nyuma kwa miwili, bila kuwa amepiga mpira hata mara moja. Loo!

Sasa hapa ndipo mwenzetu mmoja huinua kidole: "Sheria ni msumeno." Sawa, mzee wangu, nimekusikia, na nusu ya maneno yako nayakubali. Gofu ni mchezo ambao mchezaji ndiye mwamuzi wake wa kwanza. Hakuna refa anayekimbia nyuma yako na filimbi. Ukigusa mpira usipotakiwa, unajisema mwenyewe. Heshima yote ya mchezo imesimama hapo. Kwa hiyo mpira urudi pale ulipotoka, hata kama ni inchi, kwa sababu tukiruhusu inchi leo, kesho watu watahamisha shibiri. Mikwaju miwili ya kwanza siitetei. Lexi alikosea, na picha zinaonyesha.

Lakini ile miwili ya pili, jamani? Kadi aliitia saini Jumamosi jioni. Kosa liliibuliwa Jumapili. Alipokuwa anashika kalamu, angeandika adhabu gani wakati hakuna mtu yeyote uwanjani aliyejua kuwa ipo? Unamwadhibu mtu kwa kutokuandika jambo ambalo hata ninyi wenye kitabu cha sheria hamkulijua! Hapo msumeno haukati mti, unamkata mtu.

Wapo watakaosema ashukuru. Ni kweli kwamba kabla ya 2016, mchezaji aliyetia saini hesabu pungufu aliondolewa mashindanoni moja kwa moja. Mwaka huo wakalegeza: kama hakujua kuhusu adhabu, anaongezewa mikwaju miwili na anabaki. Lakini dhuluma iliyopunguzwa bado ni dhuluma. Humshukuru aliyekuchapa kumi kwa sababu zamani alikuwa anachapa ishirini.

Mwingine ataniletea habari za Roberto De Vicenzo, yule Mwajentina. Vizuri, tuzungumze naye pia. Mashindano ya gofu ya Masters ya 1968, siku ya kuzaliwa kwake, anatimiza miaka 45. Shimo la 17 alilimaliza kwa mikwaju mitatu, ila mwenzake Tommy Aaron, aliyekuwa akimwandikia, akaandika minne. De Vicenzo akatia saini bila kuikagua kadi. Sheria ikasema kilichoandikwa kimeandikwa: 65 yake ikasomeka 66, akakosa nafasi ya kurudiana na Bob Goalby, na Goalby akatwaa ushindi. Inauma, naam. Lakini De Vicenzo alikuwa na kadi mkononi na idadi ya mikwaju yake kichwani. Angeisoma, angeliona kosa. Lexi hata angeisoma kadi yake usiku kucha, asingeona kitu. Msizichanganye kesi hizi mbili.

Na lipo jingine linalonifanya nisonye tena. Mfyu! Kamera za televisheni zinamfuata nani? Anayeongoza. Aliye nafasi ya hamsini aliweza kuweka mpira nje ya alama yake siku nzima na hakuna mtazamaji sebuleni kwake ambaye angewaandikia wasimamizi barua. Kwa hiyo kadiri ulivyocheza vizuri, ndivyo ulivyokaguliwa na maelfu ya macho ambayo wenzako hawakukaguliwa nayo. Hiyo ni haki gani? Sheria moja inatakiwa iwe na jicho moja kwa wote.

Basi tazameni moyo wa yule binti. Machozi yanamtoka, watu pembeni wanalitaja jina lake kwa sauti, naye akalimaliza shimo la 13 kwa mkwaju mmoja pungufu ya kiwango. Shimo la 18 akafanya hivyohivyo, akafungana kileleni na So Yeon Ryu wa Korea Kusini. Shimo la ziada likamwendea Ryu, akashinda kwa mkwaju mzuri, akaruka katika kidimbwi cha mabingwa kama ilivyokuwa desturi ya pale. Na huyu naye tumpe haki yake. Ryu hakuandika barua, hakumwonea mtu, alicheza gofu safi. Kumtukana yeye kwa makosa ya wasimamizi ni dhuluma nyingine juu ya ile ya kwanza.

Na wenye mchezo wenyewe walikubali kwamba palikuwa na kasoro. Mwezi uleule wa Aprili, R&A na USGA, vyombo viwili vinavyotunga sheria za gofu duniani, vilitoa mwongozo: kosa lisiloweza kuonekana kwa macho matupu lisihukumiwe kwa picha zilizokuzwa, na mchezaji aliyekadiria mahali pa mpira kwa busara aaminiwe. Desemba wakaenda mbali zaidi. Kuanzia Januari 1, 2018, ripoti za watazamaji wa nyumbani hazipokelewi tena, afisa wa sheria ndiye anayekaa kutazama matangazo. Na ile adhabu ya mikwaju miwili ya kadi, kwa mchezaji asiyejua kuwa amekosa, ikafutwa. Kama ilikuwa haki, mbona waliifuta?

Hukumu yangu ninaitoa hapa mbele yenu wote. Mikwaju miwili ya kwanza ilikuwa halali, miwili ya pili ilikuwa uonevu, na kombe lile liliamuliwa kwa ile ya pili. Nanyi mnaosimamia michezo, iwe gofu pale Lugalo na Muthaiga au ndondo za mtaani kwetu, nawasihi: anayekosea mwambieni kosa lake likiwa bado mbichi, na msimwadhibu mtu kwa jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua.