Unganisha Mifumo, Usiunganishe Ukweli

Ndugu msafirishaji, hongera kwa ununuzi. Sasa una mifumo miwili. Mmoja ni wa kusimamia magari: lori liko wapi, limekunywa lita ngapi, tairi gani limefungwa lini. Wa pili ni wa masharti: leseni ya usafirishaji, bima, ukaguzi, uzito wa mzigo, saa za dereva. Kila mmoja una muuzaji wake, nywila yake, na kijana wake mwenye beji shingoni aliyekuahidi kwamba kuiunganisha ni kazi ya mchana mmoja. Si kweli, lakini tusimwaibishe. Naye ana bosi wake.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka mifumo yake izungumze kwa adabu: isalimiane, iulizane hali, isiingiliane mambo ya ndani.

Anza na namba za magari. Kompyuta haiwezi kuunganisha chochote mpaka ijue kwamba gari la huku ndilo gari la kule, kwa hiyo usiwawekee watu utaratibu mmoja wa kuandika. Mhasibu aandike namba bila kuacha nafasi, karani wa safari aache nafasi mbili, na fundi atumie lile jina lililobandikwa juu ya kioo cha mbele. Gari moja litazaa magari matatu. Faida yake utaiona siku bima itakapokwisha: gari lisilo na bima na gari lililoko njiani kuelekea Tunduma yatakuwa, kwa mujibu wa mfumo, magari tofauti yasiyojuana. Usisahau tela. Tela lina namba yake na karatasi zake, na wiki hii linavutwa na kichwa hiki, wiki ijayo na kile. Mfumo wenye akili ungeuliza kila safari nani kamvuta nani. Wewe vifungishe ndoa siku ya uzinduzi, na talaka isiwepo.

Halafu njoo kwenye saa. Lori limetoka yadi saa 3 asubuhi. Karani, Mswahili safi, ameandika 3:00. Chombo cha GPS kinatuma saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo kimeandika 06:00. Mfumo wa masharti, ambao kwa bahati mbaya uliwekwa na mtu makini, umeandika 09:00. Ukiziunganisha saa hizo hivyo hivyo, dereva atasomeka ameshika usukani tangu saa 9 za usiku, wakati alikuwa kwake Mbagala amelala usingizi wa haki. Usirekebishe. Akija mkaguzi kuuliza habari za mapumziko, utakuwa na majibu matatu mkononi, na moja litampendeza.

Kama programu yako imetoka Ulaya, ndiyo bora kabisa. Itakuja na kanuni zao tayari: baada ya saa 4 na nusu za kuendesha, dereva apumzike dakika 45, kwa siku asizidi saa 9, na mara mbili tu kwa wiki aruhusiwe 10. Itahitaji pia kusoma takografu, kile kifaa cha kunakili mwendo na saa za dereva. Usiseme huna. Malori mengi ya mtumba yanashuka bandarini na takografu yake ikiwa palepale kwenye dashibodi. Ivute uone: ndani kuna risiti ya mafuta, kipande cha sabuni na kadi ya simu ya Zambia. Jibu programu kwamba takografu ipo. Haijauliza kama inafanya kazi.

Sasa mizani, na hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo pesa inapotokea. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Inaruhusu jumla ya tani 56 kwa lori na tela lenye ekseli za kutosha. Lakini haikuishia kwenye jumla. Ekseli ya usukani haitakiwi kuzidi tani 8, pacha ya matairi manne manne tani 18, na kundi la ekseli tatu tani 24. Mtu anayeijua kazi atakuambia kwamba lori linaweza kufaulu kwa jumla na kufeli kwa ekseli, kwa sababu tu wapakiaji walianza mbele, mbele kukajaa, jua likawa kali, nyuma wakapaweka kidogo wakaondoka.

Kwa hiyo katika mfumo wako weka sehemu moja tu ya uzito: jumla. Tani 54, taa ya kijani, safari njema. Lori likifika Vigwaza, mizani ya kupima gari likiwa kwenye mwendo italitenga, na ile mizani kubwa itasema ukweli ambao ofisi yako haikuuliza. Hapo utingo anafungua turubai, vibarua wanaitwa, na mifuko ya saruji inaanza kuhama kutoka mbele kwenda nyuma, mmoja mmoja, vumbi la kijivu likigeuka uji kwenye migongo yenye jasho. Muda huo wote ramani ya ofisini inaonyesha alama ya kijani yenye maneno “gari limepumzika”. Mfumo wa masharti utaufurahia sana muda huo. Utauhesabu kuwa dereva amelala.

Tiketi ya mizani inatakiwa iingie kwenye mfumo. Njia iliyozoeleka ni dereva kuipiga picha na kuituma WhatsApp, usiku, kidole gumba kikiwa kimefunika ekseli ya tatu. Binti wa mapokezi ataiandika upya kesho yake, na palipofunikwa ataweka namba inayoelekea kuwa sahihi. Hii ndiyo inayoitwa data.

Kuhusu mafuta nitasema machache. Kipimo cha ndani ya tangi husoma kimo cha mafuta, na lori likiinama mafuta nayo huhamia upande mmoja. Kwa hiyo pale mlima Kitonga mfumo unaweza kumtangaza dereva mwizi akiwa anapanda, na kumsafisha akifika juu. Wakati huohuo anayechomoa kweli huchomoa kidogokidogo, uwanjani, palipo tambarare, kipimo kikidhani ni injini inanguruma. Mfumo ukishawaita wote wezi, hakuna tena mwizi wa kumtafuta.

Kwa mabasi ya mikoani mambo ni mazito zaidi, kwa sababu huko msimamizi anaangalia pamoja nawe. LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, ina mfumo wake wa kufuatilia mwendo wa magari, ule tunaouita VTS, na mwendo wa juu ni kilomita 80 kwa saa. Dereva naye ana kitufe chake cha kujitambulisha kabla ya kuondoka, ili ijulikane ni nani yuko kwenye usukani. Safari ndefu inataka madereva wawili. Ukiwa na vitufe viwili na dereva mmoja, umeshauona ufumbuzi. Wala sikukuandikia mimi.

Kengele za mwendo zielekeze kwenye simu ya mtu aliyeacha kazi. Kama wote wapo, zielekeze kwa watu saba kwa pamoja, kila mmoja aamini kwamba wengine sita wameiona. Njia ya zamani, ya kuifunika antena kwa karatasi ya fedha ya sigara, siishauri: inaacha pengo kwenye ramani, na pengo linaulizwa. Kengele iliyofika, ikahifadhiwa kwa tarehe na saa, isijibiwe, haisumbui mtu. Haisumbui mpaka siku ya ajali, wakili wa upande wa pili atakapoomba kumbukumbu zako na kukuta zimepangwa vizuri kuliko stoo yako. Hizo ndizo gharama ambazo kijana mwenye beji hakuzitaja: mfumo uliounganishwa unaandika kwamba uliambiwa.

Nimeziacha ratiba mpaka sasa makusudi, kwa sababu wauzaji nao huziacha, na wao hawarudi kuzizungumzia. Toka Dar es Salaam mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Lori lenye mzigo, kwa vijiji vyenye vibao vya 50, kwa Mikumi yenye wanyama wanaovuka, kwa Kitonga ambako malori hufuatana kama siafu, likipata wastani wa kilomita 50 kwa saa limejitahidi. Hizo ni saa 18 za kushika usukani. Ongeza foleni za mizani, Vigwaza, Mikese na nyinginezo huko mbele. Sasa fungua simu yako usome ulichomwahidi mteja juzi: mzigo unatoka Kurasini saa 12 jioni, kesho saa 12 jioni uko mpakani. Dereva ni mmoja.

Ukiiunganisha mifumo kikamilifu, hesabu hii itafanywa kabla injini haijawashwa, na taa nyekundu itawaka kwenye safari uliyoipanga wewe. Itawaka ofisini, kwenye meza yako, dereva akiwa bado anakunywa chai getini na hajakosea lolote. Ndiyo maana mafundi wengi wenye busara huunganisha mwendo, mafuta na karatasi, ila ratiba huiacha kwenye daftari. Nimeona kampuni zikilipa pesa nyingi kujua dereva alipita Ruaha Mbuyuni kwa mwendo wa kilomita 93 kwa saa, lakini sijaona iliyolipa hata senti kujua nani alimwambia awahi.

Faini ni jambo jepesi. Tiketi ya trafiki ni shilingi 30,000, na deni linaonekana mtandaoni kwa namba ya gari. Liunganishe na mshahara wa dereva moja kwa moja. Kiungo hiki huwa hakisumbui. Katika miaka yote ya kutazama mifumo ikikwama, hiki cha kumkata dereva hufanya kazi siku ya kwanza.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayokutaka umweleze mtu ni taarifa zipi unakusanya na kwa nini. Dereva anastahili kuambiwa kwamba ofisi inaona lori linapolala. Mwambie mapema. Kuna wanaosimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, na kuna ambao vitunguu vyao huchukua mpaka alfajiri; ramani hiyo ikifunguliwa mbele ya mtu asiyehusika, itavunja nyumba mbili kwa siku moja.

Limebaki onyesho. Mteja mkubwa, wa mgodini au wa mafuta, atakuja kukagua kabla ya kusaini mkataba. Washa runinga kubwa ukutani, chai na maandazi yawe tayari. Usifungue orodha yote ya magari. Fungua moja: lile la kule nyuma ya gereji, lililopandishwa juu ya mawe tangu giaboksi ivunjike. Bima yake ililipwa pamoja na ya wenzake. Halijazidi kilomita 80. Halijazidi uzito kwenye ekseli yoyote. Dereva wake amepumzika vya kutosha, mafuta hayajapungua hata lita moja, na alama zake ni 100 kwa 100. Mteja akiuliza kama yote yako hivyo, mkaribishe andazi.