Nkt! Mabano Yenyewe Yanakaa Wapi?

Nkt! Kaeni kwanza, mvua ya mchana ndiyo hiyo inashuka kutoka kwa majani chai, abiria hakuna. Tangu Chuo Kikuu cha Kabianga kipewe hati yake 2013, sisi wa bodaboda tumekuwa wanafunzi wa kusikiliza tu. Leo msichana mmoja kajikinga hapa stejini na laptopu, anasoma Java, lugha ya kuandikia programu. Safu, anasema: vitu vya aina moja vimepangwa, kila kimoja na namba yake. Hiyo naielewa. Lakini eti namba zinaanzia sifuri! Kwani hapa pikipiki ya mbele ni ya sifuri?

"Mzee," akaniambia, "namba haihesabu pikipiki. Inasema umepita ngapi kabla ya kuifikia." Ya mbele hujapita hata moja. Haya, nimenyamaza. Lakini maelezo aliyokuwa akisoma yalisema tu "huanzia sifuri", yakaenda zao. Nkt!

Sasa njooni kwa mabano mraba. Kutangaza safu ya namba, unaandika int[] alama. Ukitaka, int alama[]. Yote sawa, kwa sababu Java ilipotoka 1995 watu wa lugha ya C walikuwa wamezoea kuyaweka nyuma ya jina, ikawaruhusu wasione ugeni. Sasa andika int[] a, b[], uone maajabu. Hapo a ni safu, b ni safu ya safu! Mstari mmoja, nukta mkato moja. Kitabu rasmi cha lugha chenyewe kinakushauri usichanganye hivyo. Tena kinakubali mabano ya safu inayorudishwa na methodi yakae hata baada ya mabano ya vigezo, kisha kinakuonya: hiyo ni kwa ajili ya programu za zamani, mpya zisiitumie. Yaani unaonyeshwa njia, halafu unaambiwa usipite.

Pale pa makosa nawapa heko. Safu ya vitu vitano mwisho wake ni namba 4. Ukiitisha namba 5, Java za zamani zilikutemea "5" tu, utajijua. Za siku hizi zinakwambia umeitisha 5 na urefu ni 5. Mtu anajionea alipokosea.

Lakini urefu wenyewe! Safu unaiuliza length, bila mabano. String, yaani maandishi, unaiuliza length(), na mabano. ArrayList, ile orodha, ni size(). Na bado wanasema safu nayo ni objekti! Nikauliza mbona. Msichana akajibu vizuri: ArrayList huongezeka, lazima iulizwe kila mara, safu ikishaundwa urefu wake haubadiliki, kwa hiyo umeandikwa tu pale.

"Na String hubadilika lini?"

Akafungua maelezo. Akashuka nayo mpaka chini, akapanda tena. String haibadiliki kamwe.

Mwenye jibu alilete hapa, chai nalipa mimi.