Posa ya Bagipaipu kwa Gamelani: Mwongozo wa Mshenga

Mtunzi uliyeamua kuozesha bagipaipu kwa gamelani, umejitwika kazi ya mshenga. Mshenga mwema huzijua tabia za pande zote mbili kabla ya kubisha hodi.

Kwanza, mchunguze bwana harusi. Bomba la nyimbo la bagipaipu ya Uskoti lina sauti 9 tu na ulimi pacha, jamaa ya zumari ya kwetu pwani. Mabomba mengine 3 huvuma sauti ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Bwana huyu hajui kunong'ona, wala hanyamazi kuvuta pumzi: mfuko humpumulia. Mpigaji hutenganisha noti kwa kuchomeka noti za mapambo, fupi kama kupepesa kope. Basi usimwandikie minong'ono.

Pili, nenda ukweni. Gamelani ya Indonesia ni ukoo mzima: vibao vya bronzi, patu, matuazi, ngoma. Vua viatu, na usiruke ala hata moja, zunguka. Kisha chagua nyumba inayommudu mkwe mwenye sauti kubwa. Gong kebyar, mtindo uliozuka kaskazini mwa Bali mwanzoni mwa karne ya 20, hautafunikwa.

Tatu, tega sikio. Hapa ndipo penye siri. Mskoti husukuma na kuvuta viungo vya mabomba yake, milimita kwa milimita, mpaka mtetemo kati yao utoweke na mvumo utulie kama maji ya kisima. Mpigaji wa Bali hufanya kinyume: ala zake ni jozi, moja juu kidogo ya mwenzake, ili zikigongwa pamoja sauti itetemeke. Mtetemo huo huuita ombak, yaani wimbi. Mmoja hulifuta wimbi, mwingine hulifua. Waache wote wawili walivyo, kwa kuwa uzuri wa ndoa hii ni kusikia utulivu na wimbi kwa pamoja.

Nne, mahari alipe mgeni. Bronzi haibadilishwi sauti kwa urahisi, na kila gamelani ina mpangilio wake wa sauti. Bagipaipu ndiyo ijongee: bandika utepe kwenye matundu, sogeza ulimi. Lou Harrison wa Marekani, katika konseti yake ya piano na gamelani ya Java ya 1987, aliilinganisha piano na gamelani. Jirani yako wa karibu katika kazi hii ni Matthew Welch, mpigaji bagipaipu anayetunga pia kwa gamelani ya Bali. Msikilize kabla hujaandika.

Tano, wafungishe ndoa penye mila moja. Utungo mkubwa wa bagipaipu huanza na ùrlar, yaani sakafu, hutembea katika mageuzi, kisha hurudi sakafuni. Gamelani nayo huzunguka na kurejea kwenye upatu mkubwa. Panga sakafu na upatu vikutane.

Mwishoni mpigaji akiulegeza mfuko, mvumo hukatika, lakini upatu huendelea kutetema. Usipokee makofi mpaka unyamaze wenyewe.