Nasaha kwa Wapiga Picha: Suala la Taa

Bwana Mshauri, nilipiga picha za harusi kwa Zenit-E na taa ya kuazima. Filamu ilipooshwa, bibi harusi ametoka vizuri, bwana harusi ni giza tupu, na ndugu zake wanasema nimehongwa na upande wa mke. Je, ninunue taa yenye nguvu zaidi?
Mtuhumiwa, Tanga

Ndugu Mtuhumiwa, ghadhabu ya wakwe si jambo la mzaha, lakini taa uliyoazima haina hatia, wala nguvu zaidi isingalimwokoa bwana harusi, kwani aliyemtia gizani ni wewe mwenyewe ulipoiweka shata kwenye 60. Kamera hiyo ina mapazia mawili ya kitambaa yapitayo mbele ya filamu kwa kufuatana, la kwanza likifungua na la pili likifunga. Na kwa kuwa mwako wa taa haudumu hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, ni sharti uwake katika wasaa ule ambao pazia la kwanza limekwisha kupisha njia na la pili halijaanza safari yake. Katika Zenit-E wasaa huo hupatikana kwenye 30. Ukipanda hadi 60, mmoja wa maarusi hubaki nyuma ya kitambaa, na pazia, kama tujuavyo, halihongeki. Canon AE-1 na Pentax K1000, zote za mwaka 1976, hukubali 60, na Nikon FM2 ilianza na 200. Basi ijue kwanza kamera yako ndipo uende dukani. Na huko usikubali kuuziwa taa isiyo na tundu la waya, maadamu Zenit-E haina kitako chenye umeme. Wakwe waonyeshe jibu hili.

Mheshimiwa, nimepata Vivitar 283 kuukuu kwa bei ya samaki wawili. Kamera yangu ni ya elektroniki. Niichukue?
Mpenda Rahisi, Mombasa

Samaki gani, ewe bwana, changu au nguru? Taa hiyo ina hadhi yake: namba yake ni 36 kwa mita na filamu ya 100, kichwa chake huinuka kutazama dari, na usoni ina jicho dogo linalopima nuru irudiayo kutoka kwa mtu na kuukata mwako ikishatosha, sifa ambayo mimi naitanguliza mbele ya nguvu zote, kwani wageni wa harusi hawasimami mahali pamoja wakisubiri hesabu zako. Ila baadhi ya zile za mwanzo hupitisha volti zaidi ya 200 katika kitako, jambo lisiloidhuru kamera ambayo ndani yake chuma hugusa chuma, lakini laweza kuiua ya elektroniki kimya kimya. Mpelekee fundi redio, aiache ijae umeme, kisha apime kwa mita baina ya ncha ya katikati ya kitako na ubavu wake. Ikizidi volti kumi, mwachie mwenyewe. Wala usiifungue kwa udadisi, kwani kapasita yake hushika umeme mkali hata betri zikiwa zimetolewa.

Mwalimu, mwenzangu ana taa ya namba 50, yangu ni 28. Najiona mnyonge.
Mnyonge, Mji Mkongwe, Unguja

Gawanya, usilie: 28 kwa mita tatu na nusu ni 8, yaani tundu la f/8 kwa filamu ya 100, na vyumba vya mtaani kwenu, ambavyo upana wake umefungwa na urefu wa boriti, ni vichache vipitavyo mita tatu. Shida yako itakuja ukielekeza taa juu, kwa sababu boriti zisizopakwa chokaa huimeza nuru. Ielekeze kwenye ukuta mweupe. Kisha muulize mwenzako, kwa adabu, hiyo 50 ilipimwa kichwa cha taa kikiwa kimebanwa kwa lenzi ya mbali, au kwa lenzi ya kawaida kama yako? Asipojua, na aghalabu hawajui, taa yako inakutosha. Fedha ulizoweka nunulia filamu.