Vifungo vya Kitambaa na Mgongo wa Mweka Hazina

Geita kuna watu ambao macho yao ni mizani. Mpe dalali wa dhahabu punje iliyotoka kwenye mwalo, ataigeuza kwa kidole mara moja na kukutajia pointi zake. Ukiipeleka soko la madini, lile lililofunguliwa Machi 2019, kazi ya mizani ya pale ni kumuunga mkono tu. Kwenye mkoa wa namna hiyo ungetarajia mtu atofautishe kifungo cha namba 24 na cha namba 36. Thubutu. Kwa mafundi wetu vifungo vya kitambaa viko vya aina tatu: kadogo, cha kati, na cha sofa. Na hicho cha kati hutegemea fundi kaamkaje.

Namba hizo si za kubuni. Wenye biashara ya vifungo duniani hupima kwa mistari, na inchi moja ina mistari 40. Kwa hiyo 24 ni kama milimita 15, saizi ya gauni au blauzi, na 36 ni kama milimita 23, saizi ya koti. Nilimfafanulia haya yote fundi wangu wa Katoro, huku huku Geita, nimesimama kama niko mbele ya ubao. Alinisikiliza mpaka mwisho, ana heshima zake. Kisha akaweka mezani kizibo cha soda na sarafu ya shilingi mia mbili.

"Sasa mwalimu, huo mstari uko wapi hapa?"

Tukaelewana kwa sarafu.

Kwa asiyewahi kuviagiza, nieleze. Kifungo cha kitambaa ni vipande viwili vya bati, kofia na kitako. Fundi anakata kitambaa duara, upana wake karibu mara mbili ya kofia. Anakilaza juu ya kikombe cha chuma, anasukumia kofia ndani, anakunja ncha, anaweka kitako juu, kisha anavuta mkono wa mashine. Kwaa! Kinatoka kifungo kimevaa nguo yako mwenyewe. Kitambaa kikiwa chembamba, bati linang'aa kwa chini, hivyo fundi mwangalifu hutanguliza kipande cha bitana. Kikiwa kizito, kwa mfano velveti, kitako hugoma kuingia, na fundi asiyependa kushindwa na kitu kidogo huchukua nyundo.

Tazama tena mashine hiyo. Ina mkono, kikombe na meza, basi. Haina waya. Lakini kila nilipofika siku ya ahadi nilikuta vifungo havijabanwa kwa sababu umeme ulikatika. Safari moja nilithubutu kuuliza umeme unahusikaje. Fundi akanitazama kwa huruma, ile ya mtu anayemweleza mgeni mambo ya nyumbani kwake. "Mwalimu, redio ikizima, dogo hafanyi kazi."

Ajabu yenyewe ni kwamba kifungo cha plastiki kingefanya kazi ileile kwa bei ya kutupa. Hiki cha kitambaa tunakilipia zaidi ili kisionekane, kijifiche ndani ya nguo, mtu akuone umemiminwa tu kutoka shingoni hadi magotini. Mpaka leo sijavaa kimoja ambacho hakikuwa kitu cha kwanza kuonekana.

Waingereza waliliona tatizo hili mapema, ingawa kwa sababu zao. Kwa sheria ya mwaka 1720 walipiga marufuku vifungo vya kuvishwa kitambaa, ili kuwalinda waliokuwa wakiishi kwa kutengeneza vifungo vya nyuzi za hariri. Ningeipitisha sheria hiyo Katoro asubuhi moja tu, kabla ya chai. Haikudumu. Karne iliyofuata, mwaka 1825, Sanders wa Birmingham akapata hataza ya kifungo chenye kishikio laini cha kitambaa kwa nyuma, na tangu hapo bati na nguo hazijaachana. Sisi huku tunatoa pamba. Mkoani Shinyanga utakutana na malori ya pamba mbegu yakielekea kwenye vinu, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi inayotoka humo huuzwa nje. Baadaye kitambaa kinarudi kwetu kimechapwa maua na maneno, na fundi wangu anakikata duara kwa kuzungusha kalamu kwenye sarafu.

Nimesema maneno. Hapo ndipo ilipo habari ya kanga.

Binamu yangu alikuwa anaoa Shinyanga mjini, na mimi nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi. Ukiwa mwalimu wa shule ya msingi, watu hudhani unajua hesabu na huna pa kuzikimbizia fedha. Mwenyekiti alitaka kamati ivae vitenge. Tulipopiga hesabu fedha hazikutosha, na wajumbe wakaanza kunitazama kwa utulivu ambao sikuupenda. Ikaamuliwa sare iwe kanga, kila mtu ashone mtindo wake. Nikapeleka doti yangu Katoro na kuagiza gauni lenye mstari wa vifungo vya kitambaa mgongoni, kutoka shingoni hadi kiunoni, vya kufungwa kwa vitanzi.

Fundi akashona. Alikuwa ameishiwa vifungo vidogo, akatumia namba 36. Kitambaa chenye maua nacho kilikuwa kimeishia kwenye mikono, kwa sababu mtindo wa mikono niliuchagua mwenyewe kwenye simu na ulikuwa na kiu ya kitambaa. Uliobaki ulikuwa ukanda wenye jina la kanga, herufi nyeusi kwenye weupe, ndogo kuliko kawaida, kila moja ikienea vizuri kwenye duara la kifungo. Jina lenyewe lilikuwa la heri kabisa. Lilianza na "MWENYEZI" na kuendelea na dua ya kuwaombea maharusi. Kijana wa fundi akakata maduara, akayabana, akayachanganya na mabaki machache ya maua ndani ya kopo la mafuta ya mgando, na fundi akawa anachota kimojakimoja na kushona.

Gauni nililichukua jioni ya kuamkia safari, limefungwa kwenye gazeti. Basi likapita njia yenye vumbi la kutosha kunifanya nisilifungue mpaka nifike. Asubuhi ya harusi aliyenifunga mgongo alikuwa shangazi, ambaye bila miwani hawezi kusoma hata bango la barabarani. Alipomaliza akanigonga begani, akasema, "Mayu, umependeza." Nikamwamini.

Kanisani wanakamati tulipewa mabenchi ya mbele. Fikiria hilo kwanza. Nyuma yangu kuna ukoo mzima wa bwana harusi, ukoo wa bibi harusi, wachangiaji waliotoa na waliosema watatoa, na katikati ya macho yao yote na madhabahu kuna mgongo wangu.

Niliposimama kwa wimbo wa kwanza nilisikia kicheko kinamezwa. Kwenye sala nilisikia kingine. Mahubiri yalipoanza, mtoto wa darasa la kwanza aliyekaa nyuma yangu, ambaye mwalimu wake anastahili pongezi, akaanza kunisoma. Alisoma kwa sauti, kama tunavyowafundisha, akianza na herufi na kupanda kwenye silabi.

"Mmm. Www. Mw... mwi. Mwi... zzz."

Kikapita kimya.

"Mama, imebaki i."

Ni kweli, ilikuwa imebaki. Baada ya M, W, I na Z lilifuata ua, halafu E, halafu ua tena, na kuanzia hapo mgongo haukuwa na la kusema. Lakini kanisa zima lilikuwa limeshakijaza kile kifungo chenye ua kwa akili zao wenyewe, na hakuna aliyehitaji msaada wa mwalimu. Mama wa yule mtoto alimfinya. Mtoto akalia, akijitetea kuwa amesoma sawasawa. Mchungaji, Mungu ambariki, alifika mahali pa kutaja wezi wawili waliosulubiwa, akanitupia jicho, akaruka mstari.

Mwenyekiti wa kamati alisogea taratibu akanifunika mtandio mabegani, akisema kwa sauti ya kusikika kuwa kuna baridi. Ulikuwa Oktoba, Shinyanga, saa sita mchana. Ukumbini, muda wa taarifa ya mapato na matumizi ulipofika, niliisoma nimeegemea ukuta, shilingi kwa shilingi, na kila nilipotaja kiasi kulikuwa na mzee mmoja wa upande wa bibi harusi aliyesema "mh!" Hesabu zililingana. Nasisitiza hilo kila ninapopata nafasi, na hii ni nafasi.

Niliporudi Katoro nimewaka moto, fundi alilitandaza gauni, akalisoma, akakuna kidevu.

"Mwalimu, hivi vifungo si vinazunguka? Z ukiilaza ni N. Ungeizungusha kidogo tu ingesomeka 'Mwin', watu wangedhani ni jina la ukoo."

Alikuwa sahihi. Kifungo chenye kishikio laini huzunguka kwenye uzi wake. Alinionyesha pia kwamba M ikipinduliwa ni W, kwa hiyo kati ya vifungo vinne alivyoshutumiwa, vitatu vilikuwa na njia ya kujitetea. Nilijikuta nimeingia kwenye mjadala wa tahajia na mtu niliyekuja kumdai fedha zangu. Fedha sikurudishiwa. Nilipewa punguzo kwenye kazi ijayo, na hilo punguzo ndilo lililoleta kitanda.

Ukanda wetu huu, mtu akitoboa machimboni haanzi na nyumba. Huanza na kitanda cha sofa, sita kwa sita, kichwani kimejaa sponji na velveti, vifungo vimedidimizwa kwa mistari mpaka velveti inavimba baina yake. Mume wangu hajatoboa, lakini alitaka alale bila watu kulijua hilo. Akachagua velveti ya bluu na vifungo vya kitambaa kinachong'aa rangi ya dhahabu.

Kazi ya vifungo vya kitanda ni ya nguvu kuliko ya gauni. Ubao wa nyuma unatobolewa matundu, shazia inapitishwa na uzi mnene wa nailoni, kifungo kinavutwa kwa ndani mpaka sponji isalimu amri, kisha uzi unafungwa na kupigiliwa pini nyuma ya ubao. Mwenye kujali hupiga pini kadhaa kwa kuuzungusha uzi huku na huku ili usiteleze. Wetu alipiga moja moja. Sponji ikabaki na kinyongo, ikingoja.

Kifungo cha kwanza kilifyatuka usiku wa manane. Mume wangu, aliyewahi kufanya kazi ya baruti ujanani, alikuwa chini ya kitanda kabla hajaamka. Cha pili kilipiga kioo cha kabati. Tulianza kulala tumegeukia miguuni. Fundi alipoitwa alikagua na kutoa hukumu: mtetemo wa baruti za machimboni. Nikamuuliza mbona vioo vya madirisha havijapasuka. Akasema vioo havina uzi.

Ikabidi kichwa cha kitanda kitolewe uani kikazwe upya. Katika kugeuzageuza, vifungo kadhaa vikaanguka, vingine vikaokotwa, vingine vikafukiwa na kuku. Mvua za masika zikaja zikaosha ua. Asubuhi moja mtoto wa jirani akaona kitu kinang'aa kwenye udongo, akakimbia kwenda kumwambia kaka yake, na kaka yake ndiye aliyekosea, kwa sababu alimwambia rafiki yake.

Niliporudi kutoka shuleni nilikuta rashi ya dhahabu. Vijana wana sururu na karai, shimo limefika kiunoni, wengine wamekaa juu ya matofali wakisubiri zamu, na tayari mama mmoja ameweka sufuria ya maharage na anauza. Kijana aliyeonekana kuwa msimamizi alinivulia kofia akaniuliza, kwa adabu sana, mwenye eneo atataka asilimia ngapi.

Nikawaonyesha vifungo, nikawapeleka mpaka chumbani, nikagusa kimoja kwenye velveti. Wakatazamana.

"Mwalimu," msimamizi akasema taratibu, "unataka tuondoke uchimbe peke yako."

Waliendelea mpaka jua lilipozama. Walipata vifungo vitatu na kijiko changu cha chai.

Fundi habari hizi zote zilimfikia, na yeye ni mtu wa kuona fursa. Sasa hivi ukipita kibandani kwake utaona ubao mpya: VIFUNGO VYA HERUFI, GAUNI NA KITANDA. Ananunua kanga za mtumba kwa ajili ya maandishi tu. Bei ni moja kwa herufi zote isipokuwa A, ambayo ni ghali zaidi, kwa sababu majina ya wapenzi wa Katoro yanazimaliza haraka kuliko kanga zinavyozileta. Juzi kijana mmoja wa machimboni aliagiza kitanda chenye jina la mchumba wake kichwani, MARIA, kwa vifungo vya dhahabu. Kabla rangi ya mbao haijakauka wakawa wameachana, na kijana akawa amepata mwingine. Alifika kibandani kwa unyonge, akijua atadaiwa kitanda kipya. Fundi alimuuliza jina la huyo wa sasa, akachovya mkono kwenye kopo, akatoa M na U, akamwambia alipie mbili tu.